Kuwalisha Kulungu Mwitu Majira ya Baridi: Njia Ipi Huongeza Minyoo na Ipi Huipunguza

Theluji ikifunika msitu kwa wiki nyingi mfululizo, na kulungu wakaanza kuguguna magome ya miti kwa kukosa majani, mtu mwenye dhamana ya eneo hilo hulazimika kuchagua. Anaweza kuweka hori mahali pamoja na kulijaza kila siku hadi theluji iyeyuke. Anaweza kutawanya chakula katika eneo pana na kukihamisha kila mara. Anaweza kuchanganya chakula na dawa ya minyoo. Au anaweza kuwaacha wapambane na baridi kama walivyofanya mababu zao kabla ya binadamu kuanza kuwaonea huruma. Kila njia ina watetezi wake, na mara nyingi hoja zao huhusu idadi ya wanyama watakaovuka wakiwa hai, ukubwa wa pembe za madume au usalama wa miti michanga. Hapa njia hizo zinalinganishwa kwa kipimo kimoja ambacho husahaulika kwa sababu hakionekani kwa macho, nacho ni mzigo wa vimelea ambao kila njia humtwisha mnyama.

Kwa kuwa jina kulungu katika Kiswahili hutumika pia kwa mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe za kudumu, ieleweke kwamba wanaozungumziwa hapa ni wale wa nchi za baridi ambao huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine: kulungu mwekundu na kulungu mdogo wa Ulaya, kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, wapiti (kulungu mkubwa wa huko huko, jamaa wa karibu wa kulungu mwekundu), na jamaa zao.

Baridi haiui minyoo yote

Minyoo mingi ya tumboni mwa kulungu, kama ile ya jenasi Ostertagia, Spiculopteragia na Haemonchus, husafiri kwa njia moja. Mnyoo jike hutaga ndani ya mnyama, mayai hutoka na kinyesi na kutotoa ardhini, kisha mabuu hukua hadi hatua ya 3, ambayo ndiyo pekee inayoambukiza. Mabuu hayo hupanda kwenye jani lenye unyevu na kusubiri mdomo. Safari hiyo huhitaji joto na maji: katika hali nzuri ya kiangazi huchukua wiki moja au mbili, na hewa inapokaribia kiwango cha kuganda husimama. Ndiyo maana hudaiwa mara nyingi kwamba kulisha juu ya theluji hakuna hatari ya minyoo, kwa kuwa kila kitu kimeganda.

Dai hilo lina ukweli nusu. Mayai ya Haemonchus, mnyoo anayefyonza damu, hayavumilii baridi kali, na mengi hufa. Lakini mabuu ya Ostertagia yaliyokwisha kufika hatua ya 3 huweza kukaa majira yote ya baridi chini ya theluji, ambayo huyakinga dhidi ya baridi kali zaidi ya hewa ya juu, na kuendelea na maisha yao theluji inapoyeyuka. Mabuu machanga ya Parelaphostrongylus tenuis, mnyoo wa ubongo wa kulungu mkia-mweupe, hutoka yakiwa katika ute unaozunguka vidonge vya kinyesi, na hustahimili kuganda vizuri mno. Kinyesi cha Januari, kwa maneno mengine, ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya Aprili.

Minyoo iliyomo ndani ya mnyama nayo ina kalenda yake. Mabuu yaliyomezwa mwishoni mwa majira ya joto huweza kujichimbia katika ukuta wa tumbo la nne, lile la mwisho kati ya manne ya mnyama anayecheua, kusimamisha ukuaji kwa miezi kadhaa, na kuamka kwa pamoja baridi inapoelekea mwisho. Wakati huohuo jike huwa na mimba kubwa, mafuta aliyojiwekea yamekwisha, na kinga yake imelegea. Kwa hiyo hatari ya kweli hujilimbikiza karibu na majira ya kuchipua, na njia yoyote ya kulisha inapaswa kuhukumiwa kwa jinsi inavyowafikisha wanyama kwenye wiki hizo na mahali inapowaweka wiki hizo zinapowadia.

Chakula hufanya kazi mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja humpa mnyama nguvu ya kutengeneza kinga, kwa maana kupigana na minyoo hugharimu protini na nishati ambazo mwenye njaa hana. Kwa upande mwingine humwita mnyama huyo, pamoja na mamia ya wenzake, mahali ambapo wote hula na kunya kwenye ardhi ileile. Uchunguzi uliofanywa katika ukanda wa Yellowstone nchini Marekani kuanzia Januari hadi Aprili 2006 ulionyesha mvutano huo kwa uwazi usio wa kawaida. Sampuli za kinyesi cha wapiti waliolishwa zililinganishwa na za wale wasiolishwa. Mwezi wa Januari na Februari waliolishwa walikuwa na mayai mengi zaidi ya minyoo ya tumboni. Kufikia Aprili mambo yalikuwa yamegeuka, na wao ndio waliokuwa na mayai machache. Aliyepima Februari peke yake angelilaani hori, na aliyepima Aprili peke yake angelisifu.

Hori la kudumu dhidi ya chakula kilichotawanywa

Hori la kudumu ndiyo njia iliyozoeleka zaidi Ulaya ya Kati. Nchini Austria huenda mbali zaidi: katika baadhi ya maeneo kulungu wekundu hufungiwa ndani ya uzio mkubwa tangu vuli hadi majira ya kuchipua, wakalishwa humo ili wasiharibu misitu ya misprusi. Magharibi ya Marekani, hifadhi ya wapiti ya Jackson Hole katika jimbo la Wyoming ilianzishwa mwaka 1912 baada ya wanyama wengi kufa kwa njaa katika majira makali ya baridi, na tangu hapo ulishaji umekuwa sehemu ya maisha ya kundi hilo. Faida za hori ni za wazi. Wanyama hukaa mbali na mashamba, barabara na miti michanga. Ni rahisi kuwahesabu. Chakula hubebwa hadi sehemu moja inayofikika kwa gari. Na nyasi kavu zikiwa juu ya kitako cha mbao hazigusani na kinyesi moja kwa moja.

Kwa upande wa vimelea, hata hivyo, faida hiyo ya mwisho ni ndogo kuliko inavyoonekana. Nyasi hudondoka, hukanyagwa, huchanganyika na kinyesi na theluji iliyoyeyuka kwa joto la miili, na baada ya wiki chache eneo la hori huwa tope. Jambo ambalo wasimamizi wengi hawalipi uzito ni mpangilio wa ukubwa ndani ya kundi. Madume makubwa na majike wazee husimama kwenye hori; watoto wa mwaka wa kwanza, ambao kinga yao dhidi ya minyoo bado haijakomaa, husukumwa pembeni na kula mabaki yaliyo chini. Hivyo mnyama aliyehitaji msaada kuliko wote ndiye anayekula pua ikiwa kwenye kinyesi. Msimamizi akiona kundi limenenepa, hana budi kujiuliza ni nani hasa aliyenenepa.

Kutawanya chakula hupunguza matatizo hayo kwa njia rahisi kabisa. Nyasi kavu zikimwagwa kwa mafungu madogo kwenye mstari mrefu, kila fungu likiwa mbali na jingine kiasi kwamba dume mmoja hawezi kumiliki mawili, wanyonge nao hupata nafasi ya kula. Mstari ukihamishiwa kila siku kwenye theluji ambayo haijakanyagwa, chakula huwekwa mahali pasipo na kinyesi, na kinyesi cha jana hubaki nyuma. Huko Wyoming njia ya kutawanya ilijaribiwa kwa sababu ya bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoenea wapiti wanapolamba au kunusa mimba zilizoharibika, na ilionekana kupunguza mgusano huo kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na ulishaji wa kubanana. Bruselosi si mnyoo, lakini hesabu ya msongamano ni ileile.

Udhaifu wa kutawanya hauko katika biolojia. Ni kazi ngumu. Huhitaji watu, mashine ya kupita kwenye theluji na eneo kubwa lililo wazi, na hushindikana kabisa kwenye bonde jembamba la mlimani. Pia hutegemea nidhamu: dereva aliyechoka humwaga nyasi palepale pa jana, na baada ya siku 10 za uchovu wa namna hiyo mtu huwa na hori la kudumu lisilo na hori. Isitoshe, hubadilika kuwa hatari theluji inapotoweka, kwa kuwa chakula sasa kiko juu ya ardhi yenye mabuu ya mwaka uliopita. Kama nyasi zitaendelea kutolewa baada ya hapo, ni afadhali ziwe juu ya kitako kilichoinuliwa, kwenye ardhi kavu yenye mteremko, mbali na malisho ya mapema.

Aina ya chakula nayo ina uzito wake. Nafaka na sukari nyingi zikitolewa ghafla kwa mnyama anayecheua huchachusha tumbo la kwanza, na kulungu aliyezoea vijiti na magome anaweza kufa ndani ya siku chache akiwa ameshiba. Vijidudu vya tumboni huhitaji wiki kadhaa kuzoea mlo mpya. Mahindi na viazisukari vina tatizo la pili la punje na vipande kutawanyika chini, na mnyama huvitafuta kimoja kimoja kwa ulimi. Nyasi kavu nzuri zenye protini ya kutosha, zikitolewa mapema na mfululizo, ndizo salama zaidi kwa kulungu mwekundu na wapiti. Kulungu mdogo wa Ulaya, ambaye kwa asili huchagua majani laini na machipukizi, huzifaidi kidogo.

Chakula chenye dawa

Wazo la kuchanganya dawa ya minyoo na chakula huvutia, kwa kuwa wanyama tayari wamekusanyika. Ulaya ya Kati dawa kama ivermektini na zile za kundi la benzimidazoli zimetumika hivyo. Mfano unaoeleweka zaidi ni ule wa mnyoo bapa mkubwa wa ini, Fascioloides magna, aliyeletwa Ulaya kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 19 pamoja na wapiti waliopelekwa kwenye bustani ya kifalme ya La Mandria karibu na Turin nchini Italia. Mnyoo huyo alifika hadi misitu ya mafuriko kando ya mto Danube, na huko Austria kulungu wekundu walipewa chakula chenye triklabendazoli, dawa ya minyoo bapa, kwa misimu kadhaa. Pale ambapo kimelea ni kimoja, eneo lina mipaka, na dawa hutolewa kwa mpango unaofuatiliwa na daktari wa mifugo, njia hii inaweza kuteremsha maambukizi.

Nje ya mazingira hayo, siipendekezi. Hakuna anayeweza kujua mnyama mwitu amekula kiasi gani. Dume mkubwa humeza dozi ya watatu, mtoto hupata robo ya dozi yake, na dozi pungufu inayorudiwa kila mwaka ndiyo shule bora ya kuwafundisha minyoo usugu. Mabaki ya dawa hukaa kwenye nyama kwa muda ambao mwindaji hawezi kuukadiria. Ivermektini hutoka na kinyesi na kuwadhuru mende wa mavi, ambao kazi yao ya kukivunja na kukizika kinyesi husaidia kuondoa mayai ya minyoo kwenye malisho. Tena, dawa hutibu mnyama na kumwacha kwenye uwanja uleule uliomwambukiza, na baada ya wiki chache huwa ameshameza mabuu mapya.

Kwa kupe kuna kifaa cha namna ya pekee kilichobuniwa Texas, chenye nguzo nne na mahindi katikati, ambapo kulungu mkia-mweupe akiinamisha kichwa kula hupakwa dawa ya permethrini masikioni na shingoni na roli zilizosimama wima. Kifaa hicho hupunguza kupe katika eneo jirani. Bado hukusanya kulungu kwenye mahindi, na mahali palipo na magonjwa ya msongamano hasara inaweza kuzidi faida.

Kutowalisha

Kulungu hakuumbwa akiwa hoi mbele ya theluji. Watafiti wa Vienna walionyesha kwamba kulungu mwekundu hupunguza mapigo ya moyo majira ya baridi na kuacha miguu na sehemu za nje za mwili zipoe usiku ili kuokoa nishati. Hamu yake ya kula nayo hushuka. Kundi lisilolishwa hutawanyika kwa makundi madogo, kila moja kwenye bonde lake, na kinyesi chao hutawanyika pamoja nao. Kwa kigezo cha maambukizi pekee, hakuna njia inayoifikia hii.

Gharama yake hulipwa na wanyama dhaifu. Aliyebeba minyoo mingi ya mapafu ya jenasi Dictyocaulus hukonda haraka kuliko wenzake, na theluji ikidumu hufa. Hapa watu hutofautiana kimaadili, na sidhani hesabu ya mayai inaweza kuwapatanisha. Ni vyema tu ifahamike kwamba kulisha huwaweka hai pia wanyama ambao ndio wamwagaji wakubwa wa mayai, kwa kuwa katika kundi lolote wanyama wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Wakivuka, huyamwaga mayai hayo kwenye malisho mapya ambako watoto watazaliwa. Na kundi linalolishwa miaka mingi huongezeka hadi kupita uwezo wa msitu, jambo linaloongeza maambukizi hata wakati wa kiangazi ambapo hori liko tupu.

Kutowalisha hakumaanishi kukaa bure. Uwindaji wa vuli unaopunguza idadi kulingana na malisho ya baridi, kuacha maeneo tulivu ambako wanyama hawakimbizwi wakapoteza nishati, na kuangusha miti michache au matawi huku na huko msituni ili wapate machipukizi bila kukusanyika, vyote hufanya kazi ambayo hori hujaribu kuifanya kwa gharama kubwa zaidi.

Ipi kwa hali ipi

Mahali ambapo prioni, yaani protini zilizopindika zinazosababisha ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, zimeonekana, ulinganisho huu hauna kazi, na jibu ni kutolisha kabisa. Prioni hubaki ardhini kwa miaka na hakuna dawa. Norway, baada ya kuugundua ugonjwa huo mwaka 2016 kwa kulungu wa aktiki wa mwituni katika milima ya Nordfjella, iliangamiza kundi zima la zaidi ya wanyama 2,000, na mawe ya chumvi waliyoyalamba kwa pamoja yalitiliwa shaka kama vituo vya maambukizi. Hali hukaribiana na hiyo palipo na kifua kikuu cha ng'ombe: huko Michigan, ambako ugonjwa huo ulithibitika kwa kulungu mkia-mweupe katikati ya miaka ya 1990, rundo la chakula lilitambuliwa kuwa mojawapo ya sababu za kuendelea kwake, na katika milima ya magharibi mwa Austria bakteria wa aina jirani amesumbua kulungu wekundu na ng'ombe wanaotumia malisho yaleyale.

Palipo na minyoo inayopitia kwa konokono, kama mnyoo bapa wa ini na mnyoo wa ubongo, eneo la kulishia lina uzito kuliko ratiba. Konokono hulala wakati wa baridi, lakini mabuu ya mnyoo wa ubongo yaliyohifadhiwa kwenye kinyesi, na mayai ya mnyoo bapa yaliyobaki kwenye kinamasi, huweza kuwangoja. Chakula kiwekwe juu kwenye ardhi kavu, mbali na vijito na madimbwi. Katika Amerika Kaskazini tahadhari hiyo huwahusu pia wanyama wengine: mnyoo wa ubongo huishi na kulungu mkia-mweupe bila kumsumbua sana, lakini humuua Alces alces, yule kulungu mkubwa kuliko wote, anayekula majani yenye konokono mahali hapohapo.

Palipo na minyoo ya kawaida ya tumboni na mapafu tu, idadi ya wanyama ni ya wastani, na baridi kali huja mara chache, ningechagua kutolisha katika miaka ya kawaida na kutawanya nyasi kavu katika mwaka wa dharura. Dharura hiyo isingojwe hadi mizoga ionekane, kwa sababu tumbo la mnyama aliyekwisha kudhoofika halipokei tena chakula kipya vizuri. Pale ambapo sheria au hali ya misitu inalazimisha hori, liwe mahori mengi madogo badala ya moja kubwa, yahamishwe kila mwaka kwenda ardhi iliyopumzika, na watoto wawe na sehemu yao yenye uzio wa mapengo ambamo wakubwa hawapiti.

Kuhusu siku ya kuacha, kosa la kawaida ni kuendelea kulisha wiki kadhaa baada ya nyasi za kwanza kuchipua, kwa hofu kwamba theluji itarudi. Wiki hizo ndizo ambamo mayai yaliyonusurika majira ya baridi hutotoa kwa pamoja kuzunguka hori. Ulishaji upunguzwe taratibu mara tu miteremko inayopigwa na jua inapoanza kufunuka, ili wanyama watawanyike kabla ya ardhi kupata joto. Anayetaka kujua kama alichagua vizuri achukue kinyesi kibichi kutoka kwa wanyama wengi, wakiwemo wadogo, mara tatu: mwanzoni mwa Januari, mwishoni mwa Februari na Aprili. Mayai yahesabiwe kwa njia ya McMaster na mabuu ya minyoo ya mapafu kwa njia ya Baermann, ambazo ni njia za kawaida za maabara, naye asome mwelekeo wa miezi yote mitatu pamoja na hali ya matumbo ya wanyama waliowindwa vuli inayofuata, kwa kuwa mabuu yaliyolala kwenye ukuta wa tumbo hayatagi, na hesabu ndogo ya mayai ya Januari yaweza kutoka kwa mnyama aliyejaa minyoo.